Salamu za Mama kwa Ivy

Kaka Phares,

Hapa mtaani Pipeline, Nairobi, tunaendelea, ila maji bado tunapandisha kwa mitungi hadi ghorofa ya tano. Shemeji yako Owuor yuko soko la Gikomba na mitumba yake, anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Mama alikuwa akijifunza Kiingereza ili amsalimie binti yako Ivy, mjukuu aliyezaliwa huko ng'ambo ambaye hajawahi kumwona. Teresiah, jirani yetu anayefundisha nasari, alimweleza kwamba "Good morning" ni ya heshima, "Hi" ni ya watu waliozoeana. Mama aliikataa hiyo ya pili.

"Mtoto amepewa jina la ubatizo la mama yangu," alisema. "Nitamsalimia kwa heshima."

Jumapili asubuhi alivaa gauni la kanisani, akakupigia kwa spika. Teresiah naye alikuja kusikiliza. Ivy ndiye aliyepokea.

"Good morning, Ivy. How are you?"

Mtoto akakuuliza ni nani. Sote tulikusikia ukijibu, "Nobody, darling." Simu ikakatika.

"Hiyo 'nobody' ni salamu ya heshima, au ya waliozoeana?" Mama akauliza.

Teresiah alinitazama kwanza. "Ni kusema hakuna mtu, Mama."

Mama akavua gauni, akalikunja, akalala bila kula. Siku hizi Teresiah akibisha mlango, anaambiwa Mama amechoka.

Jana nilimkuta ameketi kitandani, nikamuuliza anawaza nini.

"Labda Phares hakujua ni mimi," akasema.

Bado anakutetea, kaka. Mimi nimeshindwa.

Dada yako,
Jacklyne