Mkate na Chumvi

Jumamosi, Buffalo, Marekani

Eti nitaweza kukesha mpaka asubuhi? Mama yake mchumba wa binti yangu Neema ndivyo alivyoniuliza leo, kwa sababu harusi ya Kipolandi haiishi usiku. Ananiuliza mimi, ninayefanya shifti ya usiku kiwandani.

Halafu akaanza kunifundisha. Tutawapokea maharusi mlangoni kwa mkate na chumvi. Chumvi, akasema polepole kama anaongea na mtoto, ni ya kuwakumbusha kwamba maisha yana shida. Neema alikuwa anatafsiri huku ananikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

Nikaitikia kwa kichwa. Kwenye kambi ya wakimbizi, kabla hatujaja huku, tulikula ugali kwa chumvi wiki nzima, na hakuna aliyeuita mila.

Neema hakumbuki. Alikuwa na miaka mitatu, na ndiye aliyekuwa akililia aongezewe chumvi.