Fundi Lifti Aliyejifunza Kubahatisha

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umri unaruhusu, na kama tuko rika moja basi pokea salamu tu. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia nusu utanicheka. Hata mke wangu alicheka, na yeye nimemwambia nusu.

Mimi ni fundi lifti, mwaka wa kumi na moja huu, baba wa watoto wawili, na kwa miezi mitano sasa najiandaa kwa mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ya biashara huku nikifanya kazi siku sita kwa wiki. Usiniulize fundi na biashara wapi na wapi, kila mtu ameshaniuliza. Ilianza siku kampuni yetu ilipoleta waraka kwamba ukaguzi wa lifti uliokuwa wa kila mwezi sasa utakuwa wa kila miezi miwili, nami nikamuuliza mkuu wangu wa kazi, mzee mmoja tunayemwita Spana, hawa waliokaa ofisini wamejuaje kwamba miezi miwili inatosha, wamepima nini, akanijibu, "Kawaulize wenyewe, wamesoma biashara." Basi dukuduku likaniingia na halikutoka. Nilitaka kujua mtu anafikaje kwenye uamuzi kama ule bila kushika bisibisi, na kama unafundishwa darasani, kwa nini nisiende mimi, ambaye shimo la lifti nalijua kwa kulala chali ndani yake?

Nikajiandikisha. Nasoma alfajiri kabla watoto hawajaamka, nasoma saa ya chakula nikiwa kwenye chumba cha mashine juu ya paa, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na Jumapili mke wangu ananishikia saa ya simu pale kwenye meza ya kulia. Na sikufichi, mshauri, yale maswali nayapenda. Kuna aina moja hawakuambii utafute jibu, wanakupa maelezo mawili halafu wanauliza tu kama yanatosha kulipata jibu au hayatoshi, na hapo hunikamati, sikosi hata moja, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku: lifti imesimama, mlinzi anasema hivi, taa inaonyesha vile, je, inatosha kujua kilichoharibika au nipande nikaangalie mwenyewe?

Tatizo ni saa. Kila swali lina kama dakika mbili, na maswali ya mwisho usipoyagusa wanakukata alama nyingi kuliko ukiyakosa, sasa mimi nikikwama kwenye swali siwezi kuliacha, nalizunguka, nalizunguka tena, na kila jaribio namaliza nimebakiza maswali saba au manane sijayaona hata sura. Mke wangu ni fundi cherehani na hana subira na mtu anayeduwaa. "Baba watoto, unatafuta nini humo ndani? Weka moja, twende mbele!" Namwambia kwenye lifti hakuna kuweka moja. Ananijibu, "Kwani umeona lifti hapa mezani?" Lakini mimi nimelelewa na Mzee Spana, ambaye kila asubuhi anatuambia fundi anayebahatisha akauze soksi. Kwa sababu hiyo tu nimeshaahirisha mtihani mara mbili.

Basi mwezi uliopita nikakata shauri nijifunze kubahatisha. Nilianza kama mtu anayejifunza kusema uongo. Dakika mbili zikiisha mke wangu anapiga meza kofi, nachagua jibu linaloelekea kuwa sahihi, naenda mbele. Alama zikapanda, mshauri, zikapanda mpaka mke wangu akatoka nje kwenda kumsimulia jirani.

Sasa sikia. Wiki iliyopita niliitwa kwenye jengo moja la ghorofa saba, mlango wa lifti unajifunga halafu unafunguka, unajifunga, unafunguka, watu wamekasirika. Kawaida yetu ni kufuata nyaya kutoka ubao wa umeme kule juu mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, kazi ya dakika arobaini. Nikasimama, nikatazama, na kichwani nikasikia meza ikipigwa. Nakuapia niliisikia. Nikasema hili jicho, yaani kile kifaa kinachozuia mlango usimbane mtu, ni la siku nyingi, litakuwa ndilo. Nikalibadilisha, nikapanda na kushuka mara mbili, mlango ukatulia, nikaandika kwenye daftari la lifti "jicho limebadilishwa, lifti inafanya kazi", nikaondoka. Dakika kumi na mbili! Njiani napiga mluzi.

Jioni nikiwa nakunywa chai nikakiweka kikombe chini. Nilijiuliza, wewe ulijuaje? Kesho yake nilirudi kabla ya saa za kazi, hakuna aliyenituma, nikafuata nyaya zote, nikakuta waya mmoja kwenye kufuli la mlango umelegea, umeshikilia kwa ncha tu. Huo ndio waya unaoiambia lifti kwamba mlango umefungwa. Nilipobadilisha jicho niliusogeza ukagusa, ndiyo maana kila kitu kikatulia. Siku yoyote ungechomoka, lifti ingesimama katikati ya ghorofa na watu ndani, na ghorofa ya tano ya jengo lile kuna kliniki ya wagonjwa wa moyo. Nikaukaza, nikazunguka ghorofa zote mara tatu, nikafunga boksi langu la vifaa, nikaenda kazini kama kawaida. Mke wangu hajui. Mzee Spana hajui.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo na wamesema hakuna kuahirisha tena. Nauliza hivi, mshauri, kichwa kimoja kinaweza kubeba tabia mbili, ya kubahatisha na ya kutobahatisha, bila kuzichanganya? Niache mtihani nibaki fundi mwaminifu, au niendelee nije nimuumize mtu? Nisaidie, najiogopa mwenyewe.

Fundi wa kupanda na kushuka

*

Fundi wangu,

Umri unaruhusu, kwa hiyo marahaba. Barua yako ilinifanya nimpigie simu mpwa wangu aliyewahi kufanya mtihani huo, nikamwambia anitumie maswali kumi, nione ni mdudu gani huyu anayeweza kumvuruga fundi wa miaka kumi na moja. Nimepata manne. Moja kati ya hayo nililibahatisha, na nilifurahi kuliko kwa yale matatu niliyoyajua, kwa hiyo mluzi wako nauelewa vizuri sana. Pole pia kwa hofu uliyoipata. Mtu asiyejali asingeirudia ile lifti asubuhi bila kutumwa, na kwa hilo nakupa mkono.

Sasa nikugombeze. Unauliza kama kichwa kinaweza kubeba tabia mbili. Kinaweza, mbona nyumbani wewe ni baba na kazini ni fundi, na hujawahi kumkaza mtoto kwa spana. Lakini unakisaidiaje hicho kichwa? Unasomea kwenye chumba cha mashine! Hapo unakula, hapo unakokotoa, hapo unatengeneza, halafu unashangaa meza ya nyumbani inapigwa kazini. Hiyo ndoo irudi kuwa ndoo. Kuanzia leo maswali ni ya nyumbani tu, alfajiri na Jumapili, na mkeo ndiye mwenye saa. Kazini ukisikia meza inapigwa, weka bisibisi chini, sema kwa sauti, "Hayatoshi," uanze upya kutoka juu. Ulisema kwenye yale maswali ya kutosha na kutotosha hukosi hata moja. Haya, kauonyeshe ustadi huo pale kwenye mlango.

Lakini hilo ni dogo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sentensi moja, na haimo. Uliukaza waya, ukazunguka ghorofa zote, ukafunga boksi. Daftari je? Daftari la watu bado linasema lilikuwa jicho! Baada ya miezi miwili atakuja fundi mwenzako, ataona mwandiko wako, ataamini kwa kuwa ni wewe, na lile kufuli hataligusa. Ala! Na wewe kwa kalamu hiyo hiyo unataka kujua wakubwa walifikaje kwenye miezi miwili. Siijui kampuni yenu, ila ningekuwa mimi niliyekaa ofisini, ningeagiza madaftari, nisome ni nini kinaharibika na mara ngapi. Ningesoma "jicho limebadilishwa, lifti inafanya kazi", na ningesema hawa wako salama, tuwapunguzie ukaguzi. Umejiuliza ni mafundi wangapi waliandika kama wewe kabla waraka ule haujatoka?

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya. Kesho asubuhi, kabla hujafungua swali lolote, nenda kwenye jengo lile uandike chini ya mwandiko wako: tarehe, waya wa kufuli la mlango ulikuwa umelegea, nilikosea mara ya kwanza, nimeukaza. Usiufute ule wa kwanza. Kisha mwone Mzee Spana siku hiyo hiyo, uso kwa uso, umwambie yote kabla hajayasoma mwenyewe. Atafoka. Atazungumza habari za soksi. Mwache afoke mpaka amalize, usimweleze habari za mtihani kama kisingizio; akiuliza, mjibu. Anaweza kukusimamisha kazi, sitakudanganya, na inaweza kukuuma. Jioni mwambie mkeo nusu iliyobaki, maana anapiga ile meza kwa furaha na ana haki ya kujua.

Na Jumamosi uende ukafanye mtihani. Usinitajie kuahirisha. Swali likikushinda kwa dakika mbili, chagua, liache, nenda mbele bila kugeuka nyuma. Mle ndani ukikosea hakuna mtu aliyening'inia kwenye kamba, ni wewe na alama zako tu, kwa hiyo bahatisha mpaka ushibe. Tunataka watu kama wewe waende wakakae kwenye zile ofisi, lakini waende na mikono safi.

Ofisi yetu hapa gazetini iko ghorofa ya sita. Fundi wa lifti yetu simjui jina, na mpaka ulipoandika sikuwahi kumuuliza. Leo nilimwomba mlinzi anionyeshe daftari lake. Kurasa kumi na nne nimezisoma nikiwa nimesimama: inafanya kazi, inafanya kazi, inafanya kazi. Nikashukuru, nikamrudishia, nikapanda kwa ngazi na magoti yangu haya.

Nenda kaandike.