Laptop ya Kompadre Gualberto

Ijumaa, 1 Desemba

Imekufa tena. Skrini ya bluu, maneno meupe, halafu giza. Ukurasa mzima wa nota za tromboni umekwenda na maji.

Na leo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya tambiko, nyumba imejaa watu. Don Gualberto kaja na wanaume wa bendi yake. Yeye ndiye msimamizi wa laptop hii. Hapa Oruro kila kitu lazima kipate msimamizi — ubatizo, keki ya harusi, na siku hizi kompyuta. Alinipa mwezi wa Agosti, tangu hapo ni kompadre wangu, ndugu wa heshima, nami komadre wake. Kila Ijumaa ya kwanza anakuja kumnywesha Mama Ardhi, na laptop nayo inapata sehemu yake. Karatasi za rangi, peremende, bia. Leo kaitikisa chupa akiiziba kwa kidole gumba, povu likaruka hadi kwenye pazia.

"Kunywa, binti, upate nguvu ya kazi!"

Anaiambia mashine. Mimi hata pole sikuambiwa. Nikafuta kwa kitambaa, nikawapikia.

Jumapili, 3 Desemba

Hii morenada, wimbo wa kuchezea Kanivali, ni yangu. Nimeitunga mimi, Edelmira Titichoca, siyo kuinakili. Miaka na miaka nimenakili nyimbo za wanaume, nikawarekebishia makosa yao, na jina langu halikuonekana popote. Safari hii Don Gualberto kakubali, tena mbele ya watu: nikimpa nota za kila mpigaji kabla ya Jumamosi ya tarehe 6 Januari, mazoezi yanapoanza, bendi itaingia nayo kwenye Kanivali. Nikichelewa, watapiga ya Wilder.

Wilder ni mpwa wake. Wimbo wake nimeusikia. Unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Kwa mkono siwezi kuandika zote. Kifundo hiki tangu kivunjike, kurasa mbili tu kinavimba. Bila laptop sina kitu.

Jumanne, 5 Desemba

Fundi wa kwanza. Hakuifungua hata. "Virusi, mama." Kafuta kila kitu, kaweka upya. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Desemba

Imekufa asubuhi. Imekufa baada ya chai. Na baya zaidi — faili nililohifadhi vizuri kabisa jana limefunguka likiwa takataka. Tuba zinapiga nota ambazo hakuna binadamu aliyeziandika. Kwenye flash pia, takataka ileile. Nimelia. Hakuna aliyeniona, basi niandike tu: nimelia kwa hasira.

Jumatano, 13 Desemba

Fundi wa pili. Ati joto! Oruro hii, ambako maji ya ndoo huamka na ganda la barafu. Kasafisha feni, kapaka dawa yake nyeupe, kaniambia niiinue juu ya vitabu. Nimeiinua. Imekufa ikiwa juu ya vitabu.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimeitwa ukumbini kwa bendi. Don Gualberto kaniuliza mbele ya wote nimefika wapi. Nikasema ukweli, kwamba laptop inazimika.

"Inazimika? Mashine mpya, tena ya mkono wangu? Komadre, mashine ni nyumbu, inamjua anayeiogopa."

Wakacheka. Wilder naye hakukubali kupitwa: "Shangazi, labda inataka mwanamume ndani ya nyumba."

Wakacheka zaidi! Watu niliowaandikia nota tangu hawajui kushika tarumbeta. Na nifanyeje? Zawadi ya kompadre haisemwi vibaya. Nikatabasamu. Hadi sasa taya linaniuma.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimeacha kuilaani, nimeanza kuiangalia. Nikiandika barua, haifi. Nikifungua tromboni peke yake, haifi upesi. Nikifungua bendi nzima pamoja, filimbi hadi ngoma — bluu! Kwa hiyo siyo joto, wala siyo virusi. Inakufa ikibeba vingi. Kuna mahali inaweka vitu kichwani, na mahali hapo pameoza.

Ijumaa, 22 Desemba

Kumbe ndani yake yenyewe kuna kipimo cha kukagua RAM, hicho kichwa chake cha kubebea vitu! Hakuna fundi aliyekigusa. Nimekiwasha, nikaenda kumenya viazi. Niliporudi, imeandika kwamba RAM ina hitilafu. Nimesoma mara tatu.

Mama kaniuliza nacheka nini. Nimemwambia mimi si mwendawazimu. Akasema hilo ni la kujadiliwa.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya supu ya picana mama kalala, mimi nimechukua bisibisi ya kukazia miwani yake nikafungua laptop kwa chini. Zawadi ya kompadre, naichinja kama kuku.

RAM ni vipande viwili. Nikaacha cha kushoto peke yake: bendi nzima ikafunguka, ikakaa, ikakaa, nikapiga morenada yote hadi mwisho. Nikaweka cha kulia peke yake: haikufika hata ubeti wa kwanza.

Nikakipeleka dirishani kile cha kulia. Meno yake ya shaba yamekuwa ya kijani. Yananata. Na ubavuni, kimegandia kiduara cha karatasi ya waridi.

Karatasi ya tambiko. Nikanusa. Bia!

Mwezi baada ya mwezi imekuwa ikipenya kupitia kibodi, na mimi nafuta juu kwa kitambaa, nashukuru. Kila mtu hapa hunywesha gari lake, friji yake, mzani wake wa sokoni. Nani angewaza? Lakini hasira yangu siyo kwa bia. Yeye ndiye aliyeiua, na yeye ndiye aliyenicheka.

Alhamisi, 28 Desemba

Nimemwonyesha mama. Kakiangalia kile kipande muda mrefu, kisha kakifunga kwenye leso.

"Usithubutu kumwambia."

"Kwa nini nisimwambie? Amenivua nguo mbele ya bendi nzima!"

"Utasema nini? Kwamba baraka yake imeua mashine? Kwamba Mama Ardhi asipewe kinywaji, na Kanivali hiyo mlangoni? Mchezaji mmoja tu akiteleza, watasema ni Edelmira aliyemnyima."

Najua anasema kweli. Ndiyo maana nimemnunia siku nzima.

Jumanne, 2 Januari

Laptop na kipande kimoja: inajikokota, lakini haifi. Tromboni tayari. Tuba tayari, na ni tuba kweli, kama alivyozipiga marehemu baba. Kifundo kinauma, sijali.

Alhamisi, 4 Januari

Nimemaliza! Kesho saa tisa alasiri duka la kuchapisha litafunguliwa, nichape zote. Flash siiamini tena, nitaibeba laptop yenyewe.

Jioni nimekutana na Don Gualberto sokoni. Nikamwambia kesho atapata nota zake. Akafurahi kweli, akanishika mabega. Ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

"Unajua, komadre, nimefikiri juu ya ile laptop yako. Ina kiu! Nilikuwa nainyima. Kesho Ijumaa ya kwanza, nakuja mapema na kreti nzima, tuinyweshe mpaka itosheke."

Nikasema haina haja. Uso wake ukabadilika. "Unakataa tambiko langu?"

Nikasema sikatai.

Ijumaa, 5 Januari

Wamekuja kabla ya chakula cha mchana. Wote, na Wilder. Duka bado limefungwa. Mama kawafungulia, katandika kitambaa mezani, majani ya koka, maua, peremende, na katikati kaacha nafasi ya laptop.

Naandika huku wanaingia. Wanadhani ni nota.

Don Gualberto kanimwagia karatasi za rangi kichwani. Anaitikisa chupa tayari. Anauliza binti yake yuko wapi. Mama ananitazama, leso yenye kile kipande iko mkononi mwake, na sijui kama ataifungua au atainyamazia.

Laptop iko kwenye benchi, chini ya blanketi, na nota zote ziko ndani yake tu. Nimeikalia.

"Komadre," ananiambia, mikono ameitanua, "hujambo? Simama basi tukumbatiane."