Boga Langu na Mfuko wa Baba Mkwe

Shoga, nimekwisha. Ndiyo tunatoka kwa daktari wa mifugo.

Si unalijua tumbo la Bonge? Jibwa zima, tumbo la kichanga! Mazoezi yote ya kumfundisha kutii namtuza vipande vya boga la kuchemsha tu, na bado anaharisha.

Na baba mkwe alishaapa: zulia lake likichafuliwa tena, mbwa anaondoka. Leo limechafuliwa. Katuendesha mwenyewe hadi huko, kanuna.

Daktari akauliza nani anampa kitu kingine. Nikamtaja dada wa kazi. Nikamtaja, shoga! Baba mkwe akadakia, "Lazima ni yeye."

Daktari akamwambia Bonge, "Kaa." Bonge akanipita na boga langu mkononi, akaenda kukaa mbele ya baba mkwe, macho kwenye mfuko wa koti.

"Mzee, humo kuna nini?"

Soseji. Soseji ya kukaanga, imefungwa kwenye leso!

Nikasubiri aone aibu. Wapi! "Mwanangu, umeona anavyonitii? Kuanzia kesho mazoezi nashika mimi."

Unajua nilimjibu nini? "Asante, baba."

Asante!