Bomba Nyuma ya Karakana

Jumatatu, 3 Juni

Tumeanza leo. Mtaro umefunguliwa kuanzia chini ya tangi la mlimani na bomba kuu limeona jua. Ni kubwa kwangu kwa umri, na halijapata matunzo hata robo ya niliyopata mimi. Magamba ya kutu yanabanduka kama maganda ya kitunguu. Ndani bado zima, asante Mungu.

Kazi hii naipenda mpaka naona haya kuisema. Unasugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, unapaka rangi nzito nyeusi, unazungushia utepe. Halafu unazika vipande vya magneziamu pembeni na kuviunganisha na bomba kwa waya. Udongo wenye unyevu lazima ule chuma. Basi unaupa chuma kingine kilicho laini zaidi, uanze na hicho, bomba lipone.

Mama mkwe aliniuliza nashinda nafanya nini huko kwenye tope. Nikamweleza. Akafikiri kidogo huku anakunja nguo.

"Kwa hiyo mnaitupia kutu mfupa iache nyama."

Nikasema karibu hivyo. Amefurahi, tangu hapo anamsimulia kila anayepita mlangoni.

Jumanne, 4 Juni

Mvua. Msimamizi wa vibarua — tunamwita Taratibu kwa kejeli, maana hajawahi kufanya kitu taratibu — alitaka tupake rangi hivyo hivyo. Nikakataa, chuma kilicholowa hakishiki rangi. Kanuna mpaka chai ilipokuja.

Nyumbani mapacha wangu wamechora bomba lenye miguu na viatu. Nimelibandika kwenye kabati la vyombo. Baba Pacha, mume wangu, anasema limefanana na mimi kwa nyuma.

Alhamisi, 6 Juni

Siku nzuri iliyoharibika mwishoni.

Tumepita na mita kupima kama bomba linalindwa. Kituo baada ya kituo, safi. Taratibu alikuwa ameanza kuimba. Tukafika nyuma ya karakana ya shemeji na sindano ya mita ikaanza kucheza. Inatulia, inaruka, inatulia, inaruka.

"Mita mbovu," akasema Taratibu.

Nikasikiliza. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma, ile ya zamani yenye injini yake. Cheche zikitoka, sindano inaruka. Zikikatika, inatulia. Nikazunguka ukuta, nikaona. Pale korongoni ambapo bomba letu limechomoza juu ya ardhi, shemeji amebana waya wake wa kurudishia umeme. Kwenye bomba la maji la mji mzima!

Umeme wake unasafiri bombani, na kila unapotoka kuingia udongoni unaondoka na chuma. Magneziamu zangu haziwezi kushindana na hilo.

Alitoka na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akanipungia mkono. Akauliza mapacha hawajambo? Nikasema hawajambo. Nimeondoka pale kama mwizi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia bosi asubuhi, kabla sijapata muda wa kujishauri vibaya. Akasema karakana ifungwe leo leo, eneo lote lile lichimbwe.

"Niachie mimi nikamwambie," nikasema. "Ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu."

"Ndiyo maana sitaki nikuachie."

Lakini akaniachia.

Shemeji huyu ndiye aliyenipigania ukweni. Wengine wote walikuwa wanauliza mwanamke wa kushinda mitaroni atalea watoto saa ngapi, yeye akasema watoto wana baba pia. Sikulisahau. Nikaenda nalo moyoni mpaka mlangoni kwake, nikakuta limekuwa zito kuliko nilivyodhani.

Nikamweleza polepole. Mwanzoni alicheka. Waya wake ulikatika, alisema, bomba lile liko pale linakaa bure, si chuma tu? Nikamwambia linaliwa. Nikamwambia hospitali inakunywa humo. Nikamwambia bosi ameshasema. Kicheko kikamkauka.

"Ulikwenda kwake kwanza? Kabla yangu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hiyo kutu ndiyo mimi."

Akaenda akabandua kibanio mwenyewe, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Akazima mashine. Vijana wake wa kazi wakawa wanaangalia viatu vyao.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji hakuja kula. Kila Jumapili huja. Mama mkwe alimpakulia hata hivyo, akaifunika sahani.

Baba Pacha alitaka kuanza, kwamba kaka amekasirika lakini na mimi ningeweza— Mama mkwe akamkatiza. Mezani kwake hakuna mabomba. Baadaye jikoni akanisogelea. Akasema mwanawe anapenda sana kuonekana anajua kazi, tangu utoto, na mimi nimemwambia hajui mbele ya watu wake. Hakusema nimekosea, wala kwamba niko sawa. Akanipa vikombe nikaushe.

Mchana tumelala wote wanne kwenye mkeka ukumbini, mapacha katikati. Upepo mzuri dirishani. Pamoja na yote nimelala kama jiwe.

Jumanne, 11 Juni

Tumechimba mpaka chini ya ukuta wa karakana. Nilijua patakuwa pabaya, sikujua kiasi gani. Chuma kimekuwa mashimo mashimo kama sega la nyuki. Sehemu moja nimebonyeza kwa dole gumba, kikabonyea. Maji yakanirukia usoni, mashati yote mawili yakalowa, langu na la Taratibu. Yeye kwa mara ya kwanza akasema tuende taratibu.

Tumefunga maji ya upande wote wa chini. Kipande kile kinakatwa, kinawekwa kipya. Hospitali inapelekewa maji kwa malori. Watu wamepanga ndoo barabarani na kila mmoja ananifahamu.

Lakini tumewahi. Najirudia kusema hivyo: tumewahi. Miezi michache mbele lingepasuka lenyewe na ukuta wa karakana ungeondoka nalo, na waliomo ndani.

Jumatano, 12 Juni

Kipande kipya kimefika, kizuri, kimepakwa rangi tayari. Mchomeleaji wetu hajafika. Kapelekwa mradi wa mbali, lori lake limekwama kwenye tope, hawajui atatoka lini. Bosi anapiga simu huku na huku. Taratibu akajikuna shingo.

"Yupo mmoja hapa hapa ukutani. Ila nasikia hamuongei."

Nikapanda kutoka mtaroni nilivyo, matope hadi magotini. Shemeji alikuwa amekaa juu ya geti ambalo halijakwisha, anakunywa chai ya chupa. Karakana imekuwa kimya, inasikitisha. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia shida yetu. Akamaliza kikombe kwanza.

"Unakuja kama mhandisi au kama shemeji?"

"Nimekuja kama mtu mwenye bomba lililokatika."

Alitaka kucheka, nimemwona. Akajizuia. Akasema bosi wangu hatakubali. Nikasema atakubali akiona kazi. Nikamwambia na lile lingine pia, kwamba ukuta wake ulikuwa unaenda, na yeye na vijana wake humo ndani. Na kwamba ndiyo sababu sikungoja. Akashuka kwenye geti, akaenda kuchungulia mtaro. Akalitazama bomba lililoliwa muda mrefu, akaingiza kidole kwenye shimo moja, kikapita. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali.

"Mama ameshaona hii?"

"Hapana."

"Asione."

Alhamisi, 13 Juni

Bosi alitaka kipande cha majaribio. Shemeji akachomelea vipande viwili, tukavikata katikati, bosi akavigeuzageuza juani na kioo chake cha kukuzia. Akasema sawa, ila mhandisi asimame pale mwanzo mpaka mwisho. Mhandisi ni mimi. Nimesimama.

Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa karibu. Anapumua taratibu kweli kweli, anazungumza na chuma kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kabla ya kuanza aliinua kibanio, waya mpya kabisa, akaniangalia.

"Nifunge wapi, bwana mkubwa?"

Nikamwonyesha, hapa, pembeni mwa kiungo, umeme usisafiri. Akafunga. Akavuta kuhakikisha.

Kiungo cha kwanza kabla ya chakula, cha pili baadaye. Mama mkwe alileta chakula mwenyewe, cha wote, akasimama ukingoni akatuuliza mbona tunakula kutoka sahani moja, si hatuongei? Taratibu alipaliwa.

Nimechoka vizuri. Mgongo unauma, moyo mweupe.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa kwenye ukingo wa mtaro, daftari juu ya goti. Nje ya kawaida yangu, lakini hakuna cha kufanya ila kungoja. Bosi yuko juu tangini kwenye vali. Anafungulia maji kidogo kidogo, presha inapanda. Bomba linaanza kuguna. Hewa inatoka. Viungo vikishika, tunavipaka rangi, tunafukia, watu wa chini wanapata maji, karakana inafunguliwa. Visiposhika, tunakata tena.

Presha imefika nusu. Safi.

Imefika inapotakiwa. Kiungo cha kwanza kikavu. Cha pili — shemeji amenyoosha kidole. Kuna tone.

Tone moja, chini ya kiungo. Amelifuta kwa kitambaa. Limerudi. Nimemwambia huenda ni jasho tu, maji baridi ndani na jua hili nje, bomba zima litatoka jasho. Tumelifuta lote, kipande kizima, tungoje tuone maji yatarudi kila mahali au pale pale.

Redio inakoroma. Bosi anauliza aache au afunge. Nimemwambia angoje.

Ukungu mwembamba umeanza kushika chuma, huku na huku, naona kama unashika kote. Pale kwenye kiungo sijui. Kivuli changu kinanipotosha.

Shemeji amelala kifudifudi kwenye tope, shavu karibu na bomba, kofia kaitupa. Hageuki. Ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, ananiita.

"Shuka, shemeji. Tuangalie wote."

Bosi anauliza tena. Nashuka.