Makala Iliyorudishwa na Maswali

Makambako

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Baridi imeanza huku, lakini sote tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza kama uachane na makala yako ya utafiti, kwa kuwa jarida limeirudisha na maswali mengi.

Enzi za Mwingereza, nikisoma shule ya misheni Njombe, mwalimu alituma insha yangu ya ugemaji wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye gazeti la wanafunzi lililochapwa Dar es Salaam. Ikarudi imejaa maswali ya wino mwekundu. Kwa nini mwanzi unakatwa ncha asubuhi na jioni? Nikalia. Baba, ambaye alikuwa mgemaji, akauliza, "Kwani huko pwani hawana mianzi?"

"Hawana, baba."

"Maskini. Sasa wanakunywa nini?"

Nikacheka, kisha akanieleza: pale palipokatwa pakikauka, ulanzi hautoki tena. Nyumbani kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana sikuliandika. Nililiongeza, na insha ikachapwa.

Mtu aliyekuuliza maswali hayo yote amekusoma mpaka mwisho, na bado anataka kuelewa. Kaa umjibu, mjukuu wangu.

Bibi yako anayekuombea,
Atupakisye