Pale Bukavu Inaishia

Yaya Nsimire,

Habari ya Kamituga? Mimi niko muzima, baridi tu ndiyo inanionea. Nalala kwa Tantine Mapendo, juu ya mulima, kwenye batu banaongeza nyumba kila siku.

Juzi shefu wa maparsele, ule mwenye kugawanya viwanja, alikuja na koti yake ya abacost na kibao: "Muji inaishia hapa. Marufuku kujenga mbele." Alikisimamisha chini kidogo ya nyumba ya Tantine, akasema: "Citoyens, muji haiwezi kupanda mulima kama mbuzi. Nyumba zote za juu ya kibao zitabomolewa." Tukapiga makofi bote, hata Tantine, ya kwake na vidole tu.

Palepale mvua ikaanguka. Shefu akakimbilia nyumba ya karibu, na ilikuwa ya Tantine. Akapewa bugali na tusamaki twa sambaza twa moto. Alipokwisha kula, akaangalia ziwa kupitia dirisha, akauliza kwa sauti ya pole: "Maman, huku juu hakuna kaparsele kenye kubaki?"

"Iko moja hapa nyuma yangu, papa shefu. Lakini iko mbele ya kibao."

"Kibao ni mbao tu, maman."

Mvua ilipokatika, batu bake bakang'oa kibao, bakakipandisha mpaka juu ya ile parsele, na nyumba ya Tantine ikaingia ndani ya muji. Tukapiga makofi tena. Mara hii Tantine alipiga na roho yote.

Mafundi ba shefu banachimba musingi. Na jirani wa juu, mwenye amebaki inje ya muji, ameisha kununua kuku, anangojea mvua.

Unikumbatilie maman na batoto. Mungu abafunike bote.

Mudogo wako,
Bahati